Udongo wa fedha, mawe ya Umba na hesabu ya moto

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita 65 za lami, na wilaya ya Mkinga inayopitiwa na barabara hiyo inagusa bonde la mto Umba. Tangu miaka ya 1960 bonde hilo limekuwa likitoa safaya za rangi nyingi na garneti zinazofahamika kwa wafanyabiashara wa vito duniani. Faida nono, hata hivyo, humwendea anayekata jiwe na anayelitia kwenye pete, kazi ambazo kwa kawaida hufanyika mbali na shimo lilikotoka. Ipo njia moja inayoweza kumwingiza fundi wa mtaji mdogo katika hatua hiyo ya mwisho, nayo ni udongo wa fedha.

Bidhaa hii ilibuniwa Japani na kampuni ya Mitsubishi Materials mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni unga laini sana wa fedha uliokandwa kwa maji na gundi. Fundi huufinyanga kwa vidole, huupiga chapa ya jani au ukili, huukausha, kisha huuchoma. Gundi huungua, chembe za fedha hushikana, na kinachotoka ni fedha ya asilimia 99.9. Sonara wa kawaida huyeyusha, hufua, huvuta waya na kulehemu. Wa udongo huanza na meza, vifaa vichache na tanuri dogo la umeme.

Ugumu unaanza pale anapotaka kuchanganya fedha hiyo na shanga. Aina nyingi za udongo wa sasa huiva kwa nyuzi joto 650 za Selsiasi kwa takriban nusu saa, na husinyaa kwa karibu asilimia 10: kisahani cha milimita 20 hutoka kikiwa na 18. Ushanga wa kioo au jiwe hausinyai. Ukiuviringishia udongo kwa kubana, fedha itajivuta, ikose pa kwenda, ipasuke. Kwa hiyo fundi huacha nafasi, au hufungua mwanya upande mmoja.

Halafu kuna swali la kipi kinahimili moto. Mtu wa pwani aliyewahi kuona tanuri la chokaa hahitaji somo refu: matumbawe na kombe zikichomwa huishia kuwa chokaa. Kwa hiyo kauri, lulu, marijani, mbao na kifuu cha nazi hutungwa baada ya fedha kupoa. Shanga ndogo za kioo kutoka Jamhuri ya Cheki, ambazo Wamasai hufanyia kazi zao, zinaweza kulainika au kubadili rangi. Kioo chochote kikiingia, tanuri liachwe lipoe polepole likiwa limefungwa. Kukitumbukiza kwenye maji ni kukipasua.

Hapo ndipo mawe ya Umba yanapopata nafasi. Safaya safi huvumilia joto hilo bila taabu, ingawa rangi yake huweza kubadilika. Garneti isiyo na nyufa pia hupita, mradi moto uwe wa chini na upoaji uwe wa taratibu. Fundi mwenye busara huchoma kwanza kipande cha bei ya chini kutoka fungu lilelile.

Gharama kubwa ni malighafi. Oktoba 2025 bei ya fedha ilivuka dola 50 za Marekani kwa aunsi, yaani zaidi ya dola 1.60 kwa gramu. Kwa bei hiyo kidani cha gramu 10 kilibeba dola 16 za madini matupu, na udongo huuzwa ghali kuliko fedha yenyewe, kabla ya usafiri na ushuru. Kipande kimoja kikipasuka tanurini kinaweza kumeza faida ya vidani kadhaa, ingawa fedha yake bado huuzika kama chakavu.

Soko lipo. Karakana ya shanga ya Kazuri, Nairobi, iliyoanza mwaka 1975, na ile ya Shanga, Arusha, iliyoanza 2007 na kutumia chupa zilizotumika, zimeonyesha kwamba mgeni hulipia ushanga unaojulikana ulikotoka na nani aliutengeneza. Ukivuka Horohoro kuingia Lunga Lunga, hoteli za Diani haziko mbali. Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kwa kuwa udongo wenyewe umetoka nje, suala la uasilia limalizwe na forodha kabla ya kufunga mzigo. Mawe nayo yanunuliwe kwa stakabadhi kupitia masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini Tanzania mwaka 2019. Jiwe lisilo na karatasi ni hasara inayosubiri kizuizi.

Kwa anayeanza, hesabu inaelekeza upande mmoja: vipande vidogo, jiwe moja la Umba lililotiwa kabla ya moto, na shanga nyingine zote zitungwe baadaye kwenye vishikizo vya fedha. Hivyo gramu hupungua, vinavyoharibika hupungua, na rangi za pwani zinabaki. Anayetaka kukata mawe mwenyewe ana Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha. Fedha itaendelea kuagizwa nje. Jiwe na ujuzi vinaweza kuwa vya Mkinga, na humo ndimo bei ya mauzo inamotengenezwa.