Mali bila Daftari: Magari ya Kale na Vitabu vya Ufundi

Imekuwa desturi katika visiwa vyetu kulipima gari la kale kwa jicho moja tu: ama linatembea, ama ni chuma chakavu cha kuuzwa kwa uzito. Kati ya hali hizo mbili iko ya tatu, nayo ndiyo tunayopenda kuizungumza leo: gari la kale lililofufuliwa kwa kufuata kitabu chake cha ufundi na kwa kutiwa vipuri vyake vya asili. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la matajiri wa Ulaya na magari yao ya mashindano. Sisi hatuoni hivyo. Linamhusu fundi wa Bububu, linamhusu abiria wa gari nambari 502, na linawahusu viongozi wetu waliopewa dhamana ya usalama barabarani na ya elimu ya amali.

Bububu yenyewe inatupa funzo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ya maili saba kutoka mjini hadi huko, na Ngome Kongwe ikatumika kama bohari ya kazi hiyo. Motokaa zilipoongezeka na barabara zikatengenezwa, treni ilipoteza abiria wake. Mwaka 1922 iliacha kuwachukua, na kabla ya muongo huo kumalizika ikasimama kabisa. Hatulalamiki kwamba reli iliondoka, kwani kila chombo kina zama zake. Tunachosikitikia ni kwamba leo kijana wa Bububu akitaka kujua mashine ile ilifanyaje kazi, hana ya kuigusa. Ameachiwa hadithi tu.

Wenzetu wameliona jambo hili mapema. Huko Uingereza, gari la michezo la MGB lilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Mwaka 1988, miaka minane baada ya kiwanda kuliacha, bodi zake mpya zilianza kutolewa tena kwa kutumia kalibu zile zile za zamani. Japani nayo imefuata. Nissan mwaka 2017, na Toyota mwaka 2020, walianzisha mipango ya kutengeneza upya vipuri vya magari yao ya michezo ya zamani; na mwaka 2022 Toyota wakaongeza vipuri vya Land Cruiser ya namba 40, gari ambalo Afrika ya Mashariki inalijua zaidi kwa jasho kuliko kwa mchezo. Hapa jirani, mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, mwenyewe fundi wa magari, kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na 1973. Tangu mwaka 2003 yako mashindano maalumu ya magari ya zama hizo, nayo hayawezekani bila ya vitabu na vipuri.

Wala gari la michezo na gari la kazi si wageni kwa wenyewe. Injini ya BMC yenye ujazo wa sentimita 1,489 iliyofungwa katika MGA ya mwaka 1955 ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya Morris Oxford na Austin Cambridge, magari yaliyobeba familia na abiria wa kawaida. India iliichukua Morris Oxford, ikaiita Ambassador, ikaendelea kuitengeneza hadi mwaka 2014. Kwa hiyo anayehifadhi kitabu cha gari la fahari mara nyingi anahifadhi pia elimu ya teksi.

Na kitabu hicho kina nini? Kina vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvikisia. Kwa MGB, kitabu kinasema nafasi ya valvu injini ikiwa baridi iwe inchi 0.015, na silinda ziwake kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Kinaonyesha pia kwamba bolti zake nyingi zimekatwa kwa hesabu ya inchi, ilhali za Kijapani hukatwa kwa milimita. Nati ya milimita ikilazimishwa kwenye bolti ya inchi, hukaza kwa uongo na meno yakaliwa. Lililo kubwa zaidi ni breki. Mfumo wake unataka mafuta maalumu ya breki. Mtu akimimina mafuta ya injini kwa kukosa yanayostahili, raba huvimba. Breki zikashika zisiachie, au zikakataa kushika siku ya mteremko. Hapo kosa la karakana hulipwa na abiria asiyejua lolote.

Hatusemi haya kuwadharau mafundi wetu. Hao waliozitengeneza na kuziweka barabarani gari za bodi la mbao, wakachonga, wakachomelea na kubuni pale ambapo kipuri hakikupatikana, wanastahili heshima kubwa. Lakini ujuzi wao mwingi umo vichwani, na vichwa huzeeka. Kijana anayejifunza kwa kuangalia mikono ya mzee hujifunza ustadi wake pamoja na makosa yake, wala hana pa kuvitenganisha. Zaidi ya hayo, soko limejaa vipuri vya kughushi vilivyotiwa katika maboksi mazuri. Asiye na kitabu chenye picha na namba ya kipuri atakitambuaje cha kweli?

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, Nyaraka za Taifa kule Kilimani zipokee na kuhifadhi vitabu vya ufundi vya magari yaliyopata kutumika visiwani, na wananchi wenye navyo majumbani wasivifanye vya kufungia karanga. Pili, Baraza la Kiswahili la Zanzibar lishirikiane na mafundi kuvifasiri vile vinavyohitajiwa zaidi, kwa maneno ambayo mafundi wenyewe huyatumia. Tatu, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ziwape vijana gari moja la kale walifufue tangu mwanzo hadi mwisho kwa kufuata kitabu, wazee wetu wakiwa walimu wao. Nne, wanaohusika na forodha waangalie kama ushuru wa vipuri halisi vya magari ya kale haumsukumi mwenye gari kununua vya bandia.

Atakayeuliza fedha zitatoka wapi, tunamjibu kwamba karatasi haigharimu kama ajali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Reli ya Bububu imekwisha kupotea. Gari za mbao zilizosalia bado ziko mikononi mwetu, na mafundi wake bado wanaweza kuulizwa. Waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe.