Kranberi Husaidia Kukinga, Haitibu Maambukizi ya Mkojo

Tembe na juisi ya kranberi, tunda jekundu chachu linalokuzwa kwa wingi Marekani na Kanada, huuzwa kama kinga ya maambukizi ya njia ya mkojo. Tunda hilo lina kemikali zinazozuia bakteria kushikamana na ukuta wa kibofu. Utafiti unaonyesha kwamba linaweza kupunguza kurudi kwa maambukizi kwa baadhi ya wanawake na watoto. Hata hivyo, haliponyi maambukizi yaliyokwisha kuanza.

Anayehisi kuungua anapokojoa anashauriwa kufika kwenye zahanati au kituo cha afya apimwe mkojo. Homa, kutapika na maumivu ya ubavuni huashiria kuwa figo zimeathirika, na hapo mgonjwa asikawie. Mama mjamzito asipotibiwa anaweza kujifungua kabla ya wakati.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kutumia kranberi au tembe za kitunguu saumu, kwani huenda akavuja damu kupita kiasi. Kila mgonjwa amweleze mhudumu wa afya mitishamba yote anayotumia, hata ile ya nyumbani.