Mifuko ya Upepo Chini ya Motokaa Ikokotayo Tela

Jamaa zangu, leo nataka kuwaeleza habari ya mifuko ya upepo itiwayo chini ya pikapu ili ipate kukokota tela. Yafaa waijue hasa wakulima wa Mpanda na Mpimbwe wapelekao mahindi na mpunga sokoni.

Kwanza tazameni motokaa yenyewe. Nyuma, mwili wake hukalia springi, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Tela la magurudumu mawili likifungwa, ulimi wake huukandamiza mkia wa motokaa. Na kwa kuwa mkia uko nyuma ya ekseli, huwa kama mtu atumiaye mtaimbo: nyuma hushuka, mbele huinuka. Wanafunzi na wapige hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni meta 3. Kutoka ekseli ya nyuma hata ndoano ya tela ni meta 1.2. Ulimi ukikandamiza kwa kilo 200, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 280. Hizo 80 zimetoka wapi? Zimeondolewa katika magurudumu ya mbele, nayo ndiyo yashikayo njia dereva apindapo usukani.

Usiku taa huangaza matawi ya miombo badala ya njia. Ndugu yangu mmoja alitoka Usevya na tela la mahindi. Alipokwisha kupita Sitalike, mpanda baisikeli aliyekuja mbele yake alipofushwa na taa, akatumbukia mtaroni, akavunjika mguu.

Ndipo alipotafuta mifuko. Mfuko ni wa mpira mnene wenye nyuzi ndani, kama tairi. Huwekwa mmoja kila upande, kati ya ekseli na fremu, na springi hubaki mahali pake. Si jambo jipya: General Motors ya Marekani ilianza kuuza mabasi yenye mifuko ya namna hii mwaka 1953. Kila mfuko na uwe na mrija wake, maana mrija ukiwa mmoja, penye kona upepo hukimbia kutoka mfuko ulioelemewa kwenda wa pili, na motokaa ikazidi kulala upande.

Basi ndugu yangu alipoona motokaa imenyoka, akaongeza magunia manne. Hapo alikosea, na wengi hukosea hivyo. Mfuko huinua mwili, haupunguzi uzito. Taa zimeshuka njiani, ni kweli. Lakini zile kilo 80 hazikurudi mbele, na ekseli na tairi ni zile zile. Baada ya miezi miwili fremu ilipasuka juu ya mfuko wa kulia.

Uzito wa ulimi huamuliwa na upakiaji. Magunia mengi yakae juu ya ekseli ya tela, na mbele yazidi nyuma kidogo, hata ulimi uchukue kama sehemu ya kumi ya uzito wa tela zima. Yakirundikwa nyuma, tela hutikisika kama mkia wa samaki na kuivuta motokaa nje ya njia.

Kabla ya kufunga tela, pima kwa fimbo kutoka ardhini hata ukingo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma. Ukiisha kulifunga, tia upepo mpaka kipimo kikaribie kile cha kwanza. Ukilifungua, punguza upepo, lakini usiumalize, kwani mfuko mtupu hubanwa na vyuma ukakatika.