Wanajeshi 25,000 mjini Washington: Vyama viwili vya Marekani viligombania nini?

Usiku wa tarehe 21 Januari 2021, siku moja tu baada ya Joe Biden kuapishwa, picha za wanajeshi waliolala sakafuni zilienea kwenye simu za Wamarekani. Walikuwa askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, wale waliotumwa Washington kulinda sherehe za kuapishwa. Waliambiwa watoke ndani ya majengo ya Bunge, wakapelekwa kupumzika chini ya jengo moja, mahali pa kuegesha magari. Walilala juu ya saruji, wamebanana, na vyoo vilikuwa vichache.

Wabunge wa vyama vyote viwili walikasirika, na usiku huohuo askari wakarudishwa ndani ya Bunge. Kesho yake Rais Biden alimpigia simu mkuu wa kikosi hicho, Jenerali Daniel Hokanson, akaomba msamaha. Mkewe, Jill Biden, alikwenda kuwapa biskuti askari waliokuwa zamu.

Msamaha huo haukutuliza kila mtu. Magavana wa chama cha Republican, wakiwemo Ron DeSantis wa Florida, Greg Abbott wa Texas na Chris Sununu wa New Hampshire, waliamuru askari wa majimbo yao warudi nyumbani. DeSantis alisema kwamba hao ni wanajeshi, si watumishi wa Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi kutoka chama cha Democratic.

Jeshi lenye wakubwa wawili

Inawezekanaje gavana wa jimbo kuwaita wanajeshi waliokwenda kulinda mji mkuu wa nchi? Jibu liko katika namna kikosi hicho kilivyoundwa. Askari wake wengi si wanajeshi wa kila siku. Wana kazi zao za kawaida, wanafanya mazoezi kwa vipindi, na wanaitwa pakitokea mafuriko, moto au machafuko. Kwa kawaida kila gavana ndiye mkubwa wa kikosi cha jimbo lake. Rais anaweza kukichukua chini ya amri yake, lakini kwa masharti ya sheria.

Washington yenyewe si jimbo. Ina meya, haina gavana. Kwa hiyo kikosi chake kinapokea amri kutoka kwa rais, kupitia wizara ya ulinzi. Meya anaweza kuomba askari, hawezi kuwaamuru.

Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 6 Januari 2021, wafuasi wa Donald Trump walipovamia jengo la Bunge, Capitol, ili kuzuia kuthibitishwa kwa ushindi wa Biden. Meya Muriel Bowser, wa chama cha Democratic, alikuwa ameomba askari wapatao 340 tu, wasio na silaha, wasaidie kuongoza magari na watu barabarani. Mkuu wa polisi ya Bunge, Steven Sund, aliomba msaada wa kikosi kabla ya saa nane mchana. Kamanda wa kikosi cha Washington, Jenerali William Walker, aliwaambia maseneta baadaye kwamba alingoja ruhusa kwa zaidi ya saa tatu. Askari wake walifika baada ya saa kumi na moja jioni, wakati Bunge lilikuwa limekwisha kuvamiwa na polisi wapatao 140 walikuwa wamejeruhiwa.

Tangu siku hiyo kila chama kina maelezo yake. Warepublican wengi walimlaumu Pelosi kwamba hakutayarisha ulinzi. Wademocratic walisema Spika hana mamlaka juu ya kikosi cha Washington, na kwamba aliyeweza kutoa amri alikuwa Rais Trump na wizara yake ya ulinzi. Sund, aliyejiuzulu baada ya uvamizi, alisema kwamba tarehe 4 Januari aliomba askari kwa wakuu wa usalama wa mabaraza mawili ya Bunge, hakuwapata. Mmoja wao alifanya kazi chini ya Pelosi. Mwingine alikuwa wa Seneti, iliyokuwa mikononi mwa Republican.

Kutoka 340 hadi 25,000

Baada ya uvamizi, hesabu ilibadilika kabisa. Askari kama 25,000 kutoka majimbo yote 50 waliingia Washington. Wakati huo Marekani ilikuwa imebakiza askari 2,500 Afghanistan na wengine 2,500 Iraq. Maana yake, mji mkuu wake ulikuwa na wanajeshi mara tano kuliko nchi hizo mbili za vita kwa pamoja. Uzio mrefu ulizungushwa Bunge, na barabara za katikati ya mji zikafungwa.

Kukawa pia na hofu juu ya askari wenyewe. Kwa sababu miongoni mwa waliokamatwa baada ya tarehe 6 Januari walikuwemo wanajeshi wa zamani na wengine waliokuwa bado kazini, polisi ya upelelezi, FBI, ilichunguza majina ya wote waliopelekwa kwenye sherehe. Kumi na wawili waliondolewa. Gavana Abbott aliuona uchunguzi huo kuwa matusi kwa askari wa Texas, akasema hatawatuma tena Washington ikiwa watashukiwa hivyo.

Sherehe yenyewe ilipita salama. Ugomvi ulikuja juu ya swali la pili: askari wabaki mpaka lini? Wakuu wa polisi ya Bunge walisema vitisho bado vipo, na mwezi wa Machi wizara ya ulinzi ikakubali askari karibu 2,300 waendelee hadi tarehe 23 Mei. Mitch McConnell, kiongozi wa maseneta wa Republican, alisema ulinzi huo umepita kiasi. Wademocratic walijibu kwamba wabunge hawawezi kufanya kazi wakiwa na hofu.

Hata malipo yakawa vita. Tarehe 20 Mei, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mpango wa usalama wa Bunge wa dola bilioni 1.9 kwa kura 213 dhidi ya 212. Hakuna Mrepublican aliyeunga mkono. Wakubwa wa kikosi walionya kwamba pesa zao za mazoezi zimekwisha kutumika Washington. Ni mwishoni mwa Julai tu ambapo vyama vilipatana juu ya sheria nyingine, na kikosi kikarudishiwa dola milioni 521. Seneti iliipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga.

Maneno yanabadilishana vinywa

Anayefuata siasa ya Marekani anaona kwamba msimamo wa kila chama unabadilika kulingana na anayetoa amri. Miezi saba tu kabla ya uvamizi, Juni 2020, watu waliandamana Washington baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis. Trump alileta askari kutoka majimbo mengine 11. Wakati huo seneta wa Republican, Tom Cotton, aliandika katika gazeti la New York Times akitaka jeshi litumwe mijini. Meya Bowser alidai askari wa nje waondoke, na Ralph Northam, gavana wa Virginia wa chama cha Democratic, alikataa kutuma wake.

Agosti 2025 mambo yalirudi vilevile. Trump, akiwa madarakani tena, alipeleka kikosi Washington akisema uhalifu umezidi. Magavana wa Republican wa West Virginia, South Carolina na Ohio walikuwa wa kwanza kuongeza askari wao. Wademocratic walisema uhalifu ulikuwa tayari unapungua na kwamba mji umegeuzwa kambi. Neno hilo la kambi, mwaka 2021 lilikuwa la Warepublican.

Hiyo haina maana kwamba matukio yote yanalingana. Kulinda Bunge lililovamiwa wiki mbili kabla ni jambo moja, na kutuma askari kukabili uhalifu wa kila siku ni jambo lingine. Lakini mara zote tatu swali lililobaki bila jibu ni lilelile: nani ana haki ya kusema askari waje, na nani ana haki ya kusema sasa inatosha?

Kwa wakaaji wa Goma, Beni au Bunia, swali hilo si geni. Utawala wa kijeshi, état de siège, ulianza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, siku 17 kabla ya askari wa mwisho kuondoka Washington. Tofauti ni kubwa. Kule askari walisimama kwenye uzio, meya akabaki meya, na mahakama za kiraia zikaendelea kuhukumu raia. Huku magavana wa kiraia waliondolewa, wanajeshi wakashika nafasi zao, na raia wakaanza kupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hatua hiyo ilitangazwa kwa siku 30, kisha Bunge mjini Kinshasa likawa linairefusha kila siku 15.

Washington ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na wabunge waligombania kila siku iliyoongezwa na kila dola iliyotumika. Walipiga kelele kwa faida ya vyama vyao, hilo halina ubishi. Lakini tarehe 23 Mei ilipofika, askari walipanda magari wakarudi kwao.