Kununua na kuuza: herufi mbili za Kichina na kazi ya mkono

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki waendao Guangzhou na Yiwu kununua bidhaa hujifunza kwanza kusalimu na kuuliza bei. Maandishi huahirishwa hadi siku nyingine. Leo twazitazama herufi mbili ambazo mfanyabiashara hana budi kuzijua, nazo zitatuonyesha kwa nini mkono nao wahitaji kufundishwa.

Ya kwanza ni 买, yaani kununua. Ya pili ni 卖, yaani kuuza. Herufi ya Kichina haiwakilishi sauti moja kama A au B, bali silabi nzima, na mara nyingi silabi hiyo ina maana yake. Katika pinyin, mfumo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini uliopitishwa China mwaka 1958, zote mbili ni "mai", na tofauti yao ni alama ya toni tu. Kununua ni mǎi, ambapo sauti hushuka kisha ikapanda. Kuuza ni mài, ambapo sauti huporomoka kutoka juu. Akosaye toni aweza kujitangaza kuwa muuzaji ilhali fedha za kununulia zi mkononi mwake.

Kwa macho pia herufi hizi ni ndugu. 卖 ni 买 iliyowekewa msalaba mdogo kichwani. Ya kununua huandikwa kwa mistari sita, na ya kuuza kwa minane.

Mistari hiyo ina utaratibu wake: juu hutangulia chini, na kushoto hutangulia kulia. Kuandika 买, vuta kwanza mstari mlalo wa juu, uuishie kwa ndoano upande wa kulia. Tia nukta mbili upande wa kushoto, moja chini ya nyingine. Kisha vuta mstari mlalo mrefu. Wa tano huukata huo na kuteremka kushoto, na wa sita ni nukta ndefu iangukayo kulia. Kuandika 卖, anza na msalaba, mlalo kwanza na wima baadaye, kisha rudia yale sita.

Wanafunzi hufanyia mazoezi katika daftari la miraba, na kila mraba umegawanywa sehemu nne ili herufi isiinamie upande mmoja. Kama mtoto wa chuoni arudiavyo alif ubaoni, mwanafunzi huandika herufi ileile mara nyingi, mpaka mkono uizoee.

Maumbo haya yana historia. Kabla ya maandishi kurahisishwa China katika miaka ya 1950, kununua kuliandikwa 買, na hivyo ndivyo kunavyoandikwa hadi leo Hong Kong na Taiwan. Juu ni wavu, chini ni kauri, simbi ya baharini iliyothaminiwa kama mali katika China ya kale. Jambo hili si geni kwetu: nchini Uganda neno la Kiganda "ensimbi", lililotaja kauri, leo lamaanisha fedha. Kuuza, 賣, kulitokana na herufi hiyo iliyoongezewa juu alama ya kutoka: mali inatoka.

Hata hivyo, herufi haijajulikana mpaka itumike pamoja na wenzake. 买单 ni kulipa hesabu mkahawani. 卖完了 ni kusema bidhaa imeuzwa ikaisha. Zikikaa pamoja, 买卖, yaani kununua na kuuza, maana yake ni biashara.

Yuko atakayeuliza: simu ya mkononi si yatosha? Ukiandika "mai", simu hukuletea orodha, nawe huchagua. Viwango vya lugha vilivyotolewa na Wizara ya Elimu ya China mwaka 2021 vyenyewe vyamtaka mgeni atambue herufi 3,000, lakini aandike kwa mkono 1,200 tu. Wachina nao wana msemo wa kushika kalamu na kusahau herufi, na mwaka 2013 televisheni ya taifa, CCTV, ilianzisha shindano la wanafunzi kuandika kwa mkono maneno wanayosomewa.

Lakini kuchagua katika orodha kwamtaka mtu ajue tofauti ya anavyochagua, na mkono uliokwisha kuandika msalaba ule mara mia hauusahau upesi. Katika mkataba wa Kichina, mnunuzi huitwa 买方 na muuzaji 卖方. Wajibu wa kulipa na wajibu wa kuleta mzigo hutajwa chini ya majina hayo mawili. Atiaye saini bila kuyatofautisha humwachia mwenzake amsomee haki zake.