Diski ya nje: tununue gani, na ilale kwa nani?



Katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi, hata tumeona heri tulijibu kwa maandishi: kompyuta ya chama ikikataa kuwaka kesho asubuhi, hesabu ya akiba za wanachama itapatikana wapi? Kuna na swali la pili, ambalo wamama wanaliuliza kwa sauti ndogo wakati wa kuagana: picha za marehemu mama yangu ziko katika simu hii moja tu, nifanye nini?

Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni diski ya nje. Madukani hapa Bukavu wanaiita "disque dur externe". Ni kisanduku bapa kinachoenea katika kiganja, na waya mmoja mfupi wa kuchomeka kwenye kompyuta. Haina betri wala haitafuti umeme wa ukutani. Inakula umeme wa kompyuta yenyewe. Kazi yake kwetu ni kubeba nakala ya akiba ya kila kitu tusichotaka kukipoteza. Mama wa likelemba haitaji kufundishwa neno akiba: anajua kwamba feza yote haikai katika mfuko mmoja.

Sisi walimu tuliopita ISP tunajua vizuri hasara ya mfuko mmoja. Mwanafunzi anaandika TFC yake miezi minane, yote ndani ya fulashi ya giga 8. Anaipeleka kwenye sekretariati ya kuchapisha, ambako fulashi za mtaa mzima zimepita asubuhi ile. Inarudi na virusi: kila folda imegeuka "raccourci", na ukiibonyeza haifunguki. (Likikupata hilo, usikubali mtu aiformati haraka. Mara nyingi faili bado zimo, zimefichwa tu, na mwenye ujuzi anaweza kuzirudisha.) Mwingine anaibiwa mkoba mzima katika taksi, kompyuta na fulashi pamoja. Na katika kartie zetu, ambamo nyumba za mbao zimebanana mlimani kama Kadutu, moto ukishika nyumba moja hauulizi ya pili ni ya nani.

Tunajua chama kimoja cha akiba ambacho kompyuta yake ilikuwa kwa mweka hazina, na nakala pia ilikuwa kwa mweka hazina, katika droo ile ile. Nyumba iliungua. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu, lakini wamama walibaki wakibishana miezi mingi: nani aliweka ngapi, nani alikopa ngapi, nani alikwisha kurudisha. Mweka hazina, aliyepoteza nyumba yake, ndiye aliyetazamwa kwa jicho baya. Kuwa na nakala hakukuwasaidia, kwa sababu nakala ililala nyumba moja na kompyuta.

Ndugu zetu wa Goma wamepitia kubwa zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tarehe 27 wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Wengi walifika hapa kwetu kwa mashua, mtoto mgongoni na mfuko mmoja mkononi. Katika safari kama hiyo hakuna anayebeba kompyuta ya mezani na skrini yake. Diski isiyofika robo kilo inaingia ndani ya kitenge.

Sasa tuongee juu ya kununua.

Ziko diski za namna mbili. Ya kwanza, ya zamani na ya bei nafuu, ina sahani ndogo ndani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma juu yake bila kuigusa. Ikianguka kutoka mezani wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Utasikia mlio wa tik, tik, tik. Ukiusikia, ichomoe na usiifungue nyumbani. Kuirudisha hai ni kazi ya mafundi wachache, na bei yao inapita bei ya diski yenyewe mara nyingi. Ya pili inaitwa SSD. Haina kitu kinachozunguka, inavumilia kuanguka, inanakili kwa haraka, lakini kwa feza ile ile utapata nafasi ndogo zaidi. Tena SSD haipendi kusahauliwa kabatini miaka bila kuguswa. Inahitaji kuchomekwa mara kwa mara.

Ukituuliza sisi, nyumba yenye watoto wanaopitapita juu ya nyaya ichukue SSD, hata ikiwa ndogo. Familia yenye video nyingi za arusi na ubatizo, na mahali pa juu pa kuiweka, ile ya sahani inatosha.

Ukubwa nao unawasumbua wengi bure. Picha moja ya simu inakula karibu mega 3. Diski ya tera 1, yaani giga 1000, itabeba picha kama laki tatu. Hakuna bibi kati yetu mwenye wajukuu wa kupigwa picha laki tatu. Kinachojaza diski ni video: saa moja ya video nzuri ya simu inaweza kula giga 6 hadi 8. Daftari la akiba la chama, hata la miaka kumi, halijazi giga moja. Kwa hiyo muuzaji akikusukuma kununua tera 4 sababu "ni kubwa zaidi, mama", mwambie hapana. Kwa feza hiyo heri diski mbili ndogo kuliko moja kubwa. Tutarudia neno hili chini.

Na usishangae ukifika nyumbani ukaona diski ya tera 1 inaonyesha giga 931. Muuzaji hakukuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024, na tofauti inatoka hapo.

Lakini wizi wa kweli upo. Sokoni na kwenye matangazo ya simu zinapita diski ndogo nzuri, nyepesi, zimeandikwa tera 16, kwa bei ya viatu. Diski kama hiyo haipo. Zile za sahani zinazoingia mfukoni zinaishia tera 5 au 6, na SSD ya tera 16 ingekuwa na bei ya kutisha. Ndani ya kisanduku hicho mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, iliyodanganywa ili ijitangaze kubwa. Itapokea picha zako zote bila kulalamika, huku zile zilizozidi nafasi yake ya kweli zinapotea. Utagundua siku utakapozihitaji. Kwa diski za sahani, viwanda vilivyobaki duniani ni vitatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Kwa SSD utaona Samsung, Crucial, SanDisk na nyingine kadhaa. Jina juu ya kisanduku halitoshi, maana jina nalo linaigwa, basi nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu na risiti yenye namba ya diski, na mpatane kabla ya kulipa kwamba utairudisha ikishindwa jaribio. Programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotolewa na gazeti la Kijerumani c't, inajaza diski yote na kuisoma tena, kiisha inakuambia ukubwa wake wa kweli. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi mchana, siku ambayo umeme uko. Fanya jaribio hilo diski ikiwa bado tupu.

Diski ya "occasion" tusinunue kwa kazi hii. Inaweza kuwa imezunguka miaka katika mashine ya mtu mwingine. Ukilazimika, programu ya bure CrystalDiskInfo mara nyingi itakuonyesha saa ngapi imekwisha kufanya kazi.

Jambo la mwisho dukani ni mdomo wa waya. Tazama kompyuta yako: tundu la USB ambalo ndani yake ni la buluu kwa kawaida ni la haraka, USB 3. Kunakili giga 100 kwa tundu la zamani kunaweza kuchukua karibu saa moja. Kwa tundu la haraka, diski ya kawaida inamaliza katika dakika 20 hivi. Mahali ambapo umeme unakuja na kwenda, tofauti hiyo si anasa. Bei hatuandiki hapa, maana zinapanda na kushuka pamoja na dola. Ulizeni maduka matatu, na waya ujaribiwe mbele yenu.

Diski ikifika nyumbani, nayo ina desturi zake. Nakili wakati laptopu imejaa chaji, ili umeme ukikatika katikati faili zisiharibike. Mwenye kompyuta ya mezani asubiri saa ambazo umeme unatulia. Ukimaliza, bonyeza kwanza "Éjecter", ngoja ruhusa, ndipo uchomoe. Kila mara fungua folda mpya yenye tarehe, usifunike ile ya zamani. Faili ikiwa imeharibika bila wewe kujua, juma lililopita litakuokoa. Nafasi ikianza kupungua, futa za zamani kabisa. Na diski hii isikanyage sekretariati hata siku moja. Huko inakwenda fulashi, na fulashi ikirudi inachunguzwa kwanza.

Ukiisha kunakili, fungua faili tatu au nne kutoka ndani ya diski yenyewe, uone kama kweli zinasomeka. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo wengi wanaiacha.

Wapiga picha wana hesabu yao ambayo Mmarekani Peter Krogh aliieneza: nakala tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Wengine watasema mahali pengine ni intaneti. Ni kweli kwa karatasi chache: Google inatoa giga 15 bure, na TFC nzima inaenea humo bila shida. Mwanafunzi asiye na diski ajitumie kazi yake kwa imeili kila juma, hagharimii chochote isipokuwa mega kidogo. Lakini kupandisha giga 100 za picha kwa mega za kununua, ni mama gani ataweza? Kwetu mahali pengine ni nyumba ya mama mwingine, katika kartie nyingine.

Ndiyo sababu tulisema diski mbili ndogo. Kwa chama, pendekezo letu ni hili: moja ikae kwa katibu, ya pili kwa mama asiye katika kamati, anayekaa mbali na katibu, na wabadilishane kila mkutano wa mwisho wa mwezi. Hivyo hakuna anayeshika peke yake hesabu za wote, na hakuna atakayeshukiwa peke yake. Kwa kuwa ndani mna majina na madeni ya watu, diski zifungwe kwa neno la siri. Programu ya VeraCrypt inafanya hivyo bure. Lakini neno la siri likipotea hakuna fundi atakayelifungua, basi liandikwe kwenye karatasi, katika bahasha iliyopigwa muhuri, kwa mama wa tatu. Daftari la karatasi linaendelea kama kawaida, hatulitupi.

Kwa familia, dada wawili au shemeji wawili wanaweza kushirikiana: kila mmoja ananunua ya kwake, anamwekea mwenzake. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, diploma, karatasi za kiwanja, vipigeni picha zote na kuziweka humo. Picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe mbele ya ofisi, lakini namba na tarehe zilizoandikwa juu yake zitakusaidia sana ukienda kuomba nyingine.

Na wewe ambaye huna kompyuta, una simu tu, hatukukusahau. Simu inachomekwa kwenye kompyuta ya chama kwa waya wake wa chaji. Kwenye skrini ya simu unachagua "Transfert de fichiers", na picha zako ziko katika folda iitwayo DCIM. Picha na sauti za WhatsApp ziko katika folda nyingine, nazo hazitakwenda zenyewe, lazima uzitafute. Waya mwingine ni wa chaji tu, haupitishi picha. Hilo linajulikana kwa kujaribu.

Siku ya posho, baada ya mkutano, kompyuta ya chama itabaki wazi kwa kazi hiyo. Mama mwenye picha za wazazi au za watoto waliotutangulia atapita wa kwanza. Njooni na simu iliyojaa chaji, waya wake, na fulashi tupu ikiwa bado hamjapata diski.