Je, Wajua? Mteremko ni Pampu ya Bure

Je, wajua kwamba bustani ya nyumbani huko Kericho au Bomet yaweza kumwagiliwa bila pampu? Kila mita 10 za kimo huongeza shinikizo la maji kwa takriban baa 1. Tangi lililoinuliwa mita 1 tu latosha kulisha mipira ya matone kwenye matuta machache ya sukuma wiki na managu.

Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita mraba 50 ni karibu lita 50. Yakinge maji hayo kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Tandaza mipira ikikingama mteremko, la sivyo mimea ya chini italowa na ya juu itanyauka. Matone yakikatika, osha chujio, kisha fungua ncha za mipira maji yasukume tope nje.